Kuomba kibali cha ujenzi mdogo Uganda: mwongozo kamili wa kulinda bioanuwai ya ploti yako

Januari moja, miaka kadhaa iliyopita, nilimchorea mama mmoja ramani ya vyumba sita vya kupangisha kwenye ploti ya hamsini kwa mia, pembezoni mwa mji wa Kasese. Ardhi ilikuwa kavu, imepasuka nyufa, ng'ombe wanakatiza. Muuzaji alikuwa na hati, mipaka ilionekana, nami nikachora nikiwa mezani kwangu bila kwenda kuikanyaga. Aprili wakaguzi walipofika, tulikuta maji ya kifundo cha mguu, na korongo taji wawili, ng'aali wale wa kwenye bendera yetu, wanadonoa pale nilipochora chumba cha tatu. Kibali hakikutoka. Fedha za mama yule zilikuwa za kikundi cha akiba, na nyingi hazikurudi. Kosa la kutokwenda kuiona ploti lilikuwa langu.

Tangu siku ile sichori mstari hata mmoja kabla sijatembea kwenye ploti yenyewe. Wengi huliacha suala la bioanuwai, yaani viumbe hai wa ploti, liwe karatasi ya mwisho ya kutafutiwa muhuri, wakati ndilo linaloamua nyumba ikae wapi, na pengine kama ploti yenyewe inafaa kununuliwa. Mwongozo huu ni wa mtu anayejenga kitu kidogo: nyumba ya familia, vyumba vya kupangisha, duka lenye stoo, kanisa dogo, kibanda cha wageni karibu na hifadhi.

Sheria inataka nini hasa

Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 iliitangaza nchi nzima ya Uganda kuwa eneo la mipango. Kwa hiyo hoja ya "mimi niko kijijini" haikusaidii: kibali cha uendelezaji kutoka kamati ya mipango kinahitajika kijijini kama mjini. Baada ya hicho kuna kibali cha kujenga, kinachotolewa na kamati ya majengo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013. Ni vibali viwili tofauti, na kimoja hakijazi nafasi ya kingine.

Upande wa mazingira, sheria mama ni Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019, inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Nayo ina kanuni za tathmini za mwaka 2020, na kanuni za zamani kidogo za ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa, za mwaka 2000. Miti na misitu iko chini ya sheria ya 2003, wanyamapori chini ya sheria ya 2019.

Kuna jambo linalowachanganya wanaosoma intaneti. Uingereza, tangu 2024, miradi mingi ya ujenzi inatakiwa kuongeza thamani ya bioanuwai kwa asilimia 10 na kuitunza kwa miaka 30, na hata maeneo madogo yaliingizwa mwaka huo. Hapa kwetu hakuna hesabu ya namna hiyo. Sheria yetu inakudai ufuate mpangilio wa hatua: kwanza epuka madhara, usipoweza uyapunguze, kisha rekebisha ulichoharibu, na fidia ije mwisho kabisa. Mtu anayekuja kamati na ahadi ya kupanda miche mia ili akate mvule mmoja mkubwa ameanza na hatua ya mwisho, na afisa mazingira ataliona hilo mara moja.

Hatua ya kwanza: tembea kwenye ploti, na uende wakati wa mvua

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Ukiweza, nenda mara mbili: mara moja wakati wa kiangazi, mara nyingine mvua zikiwa zimekolea. Kwetu Kasese ni Aprili au Oktoba. Sheria inahesabu ardhioevu hata ile inayofunikwa na maji kwa msimu tu, mradi mimea na wanyama wake wamezoea hali hiyo. Kinamasi cha miezi mitatu ni kinamasi.

Angalia mimea kwanza. Mafunjo kila mtu anayajua, lakini pembeni mwa kinamasi mafunjo mara nyingi yamekwisha kukatwa na watu wamepanda magimbi au miwa. Tafuta matete, ndago zenye shina la pembe tatu (lisugue kwa vidole utahisi), na majani yanayobaki ya kijani wakati jirani kote kumekauka.

Kisha chimba. Chukua jembe, chimba shimo la urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko, toa bonge la udongo wa chini ulivunje kwa mikono. Udongo wa nchi kavu huwa mwekundu au kahawia mfululizo. Udongo unaolala kwenye maji huwa wa kijivu, wakati mwingine wa bluu kidogo, wenye madoa ya rangi ya kutu kama msumari wa zamani, hasa kando ya vimizizi. Madoa hayo hayafutiki Januari. Liache shimo wazi kwa saa moja. Maji yakijikusanya chini, umepata jibu ambalo muuzaji hakukupa. Laiti ningechimba shimo moja tu kwenye ploti ya yule mama.

Halafu uliza wazee. Keti na mtu aliyeishi hapo miaka thelathini, mwamkue vizuri, umwulize: "Mzee, mvua kubwa ikinyesha, maji yanapita wapi?" Kasese tuna sababu ya kuuliza. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020 ukaiharibu vibaya hospitali ya Kilembe. Wazee walijua njia za zamani za mto kabla ya ploti kupimwa juu yake.

Mwisho orodhesha kilicho hai. Si lazima uwe mtaalamu. Andika kila mti wenye shina nene kuliko paja la mtu mzima, kwa jina unalolijua: mvule, mutuba, musizi, nsambya, mkangazi. Andika viota, mashimo kwenye miti, vichuguu, njia za wanyama, chemchemi. Piga picha kila upande ukiwa umesimama penye jiwe la mpaka, na uhakikishe tarehe inaonekana. Nenda alfajiri mara moja. Ndege wa ploti hutawaona saa saba mchana. Ukikuta korongo taji anatagia, jua kwamba ndege huyu amewekwa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka duniani tangu 2012, na kiota chake peke yake kinatosha kukufanya uhamishe mchoro.

Hatua ya pili: pima umbali kabla ya kupenda ploti

Kanuni za mwaka 2000 zimeweka ukanda wa ulinzi. Kwa mito mikubwa iliyotajwa kwenye jedwali la kanuni hizo, kama Nile, Katonga na Rwizi, ukanda ni mita 100. Kwa mito mingine ni mita 30. Hupimwa kutoka pale maji yanapofika yakijaa sana, si kutoka ukingo wa leo. Maziwa makubwa kama Victoria, Kyoga, Albert, Edward na George yana mita 200. Maziwa mengine mita 100.

Sasa fanya hesabu. Ploti ya hamsini kwa mia ni futi, yaani takriban mita 15 kwa 30. Ikigusa mto mdogo kwa upande wake mfupi, ukanda wa mita 30 umeimeza yote. Hakuna ramani nzuri itakayoiokoa ploti hiyo, na msanifu anayekuambia "tutaongea nao" anacheza na fedha zako.

Kuhusu ardhioevu, mwombe afisa ardhioevu wa wilaya aje akuonyeshe mpaka wake kwa miguu, kisha akuandikie. Neno la mdomo halina nguvu siku afisa huyo akihamishwa. Fahamu pia kwamba Katiba ya 1995 inasema serikali inashikilia maziwa, mito, ardhioevu na hifadhi kwa niaba ya wananchi wote, na hati iliyotolewa baada ya hapo ndani ya ardhioevu inaweza kufutwa. Septemba 2021 NEMA ilisitisha kupokea maombi mapya ya kutumia ardhioevu. Juni 2024 nyumba za watu zilibomolewa kwenye ardhioevu ya Lubigi, karibu na Kampala. Wengine walikuwa wameishi pale miaka mingi, na maumivu yao hayaelezeki kwa maneno machache.

Angalia pia kama uko karibu na hifadhi. Uganda ina maeneo 12 ya ardhioevu yenye hadhi ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, la kwanza likiwa Ziwa George, mwaka 1988. Lutembe na Mabamba, zinazozungukwa na ujenzi wa upande wa Entebbe, ziliingia 2006. Ukipakana na hifadhi ya taifa, ongea na UWA, mamlaka ya wanyamapori. Ukipakana na msitu wa hifadhi ya kitaifa, ongea na NFA, mamlaka ya taifa ya misitu. Mpaka wa msitu una alama zake ardhini, na mpima ardhi wako anatakiwa aoanishe ploti yako nazo.

Kama unamiliki kibanja (haki ya kukaa na kutumia) juu ya ardhi ya mailo, yaani ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, pata idhini ya mwenye ardhi kwa maandishi mapema. Haihusu bioanuwai, lakini nimeona mafaili mazuri kabisa yakikwama hapo.

Hatua ya tatu: jua mradi wako uko kundi gani

Sheria ya 2019 ina majedwali. Jedwali la nne linataja miradi inayohitaji muhtasari wa mradi, ambao ni tathmini fupi. Jedwali la tano linataja miradi inayohitaji tathmini kamili ya athari kwa mazingira na jamii. Nyumba moja ya familia kwenye ploti kavu kwa kawaida haifiki kwenye tathmini kamili. Kinachoweza kuipandisha ngazi ni mahali ilipo: ukingo wa mto, ardhioevu, mteremko mkali, jirani na hifadhi.

Usijipangie kundi mwenyewe. Nenda kwa afisa mazingira wa wilaya au manispaa na zile picha zako na orodha ya miti, umuulize. Muhtasari na tathmini huandaliwa na mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa. Omba kuona cheti chake, na tarehe ya kuisha kwake. Kuna watu wanauza muhtasari ulionakiliwa. Niliwahi kuletewa mmoja wa vyumba vya kupangisha Kasese unaozungumzia samaki wa Ziwa Victoria.

Kama tathmini inahitajika, kamati ya mipango inaweza kukupa idhini ya awali kwa sharti kwamba upate kwanza cheti cha NEMA. Idhini hiyo si ruhusa ya kuchimba msingi.

Hatua ya nne: chora nyumba ukizunguka kilichopo

Mchoraji apewe ramani ya ploti ikiwa tayari na miti, maji, mteremko na ukanda wa ulinzi. Nyumba iingie penye nafasi iliyobaki. Mara nyingi inatosha kuigeuza kidogo tu. Ploti moja ya Mpondwe ilikuwa na mutuba mkubwa karibu na kona. Tulisogeza vyumba mita nne, mti ukawa kivuli cha ua, na hondohondo wanaendelea kula matunda yake juu ya vichwa vya watoto.

Mti unaobaki uchorewe mduara wa kulindwa unaofika angalau mwisho wa matawi yake. Ndani ya mduara huo hakuna msingi, hakuna mtaro, hakuna tofali wala saruji. Watu huulinda mti kwa kuuacha umesimama huku wakikata mizizi nusu upande mmoja. Miaka mitatu baadaye unakauka au unaangukia paa.

Tangi la maji taka na shimo lake la kunyonya viwe mbali na maji, upande wa chini wa kisima. Maji ya paa yaingie kwenye tenki, na yanayozidi yamwagwe mahali penye nyasi badala ya kupelekwa kwa bomba moja hadi mtoni. Sehemu ya kuegesha gari haihitaji zege lote. Matofali yenye nafasi huruhusu maji kuingia. Taa za nje zielekee chini, hasa karibu na kinamasi au hifadhi. Na kama ukuta si lazima kwa usalama, ua wa miti hupitisha vyura, kenge na kakakuona, ambao ukuta wa tofali huwazuia kabisa.

Kupanda: chagua miti ya hapa. Musizi hukua haraka, nsambya hutoa maua ya njano na nguzo, mutuba huita ndege. Usilete Lantana kama ua wa mapambo, wala Senna spectabilis kwa sababu tu inapendeza; yote mawili ni magugu vamizi yanayosumbua misitu yetu.

Hatua ya tano: andika ukurasa wa bioanuwai hata kama hujaombwa

Kamati inapokea maombi mengi yenye ramani ya nyumba tu. Ukurasa mmoja wenye ukweli hulisogeza faili lako. Uandike kwa lugha ya kawaida, mfano hivi:

"Ploti ina ukubwa wa mita 15 kwa 30. Ilikaguliwa Januari na Aprili. Iko mita 62 kutoka mto, umbali uliopimwa kutoka alama ya maji mengi; ripoti ya mpima ardhi imeambatishwa. Hakuna udongo wa kinamasi kwenye mashimo matatu yaliyochimbwa. Kuna miti mikubwa minne: mutuba mmoja, nsambya wawili, mparachichi mmoja. Mutuba na nsambya wote watabaki. Mparachichi utakatwa kwa sababu uko kwenye msingi, na tumeangalia hauna kiota. Tutapanda musizi watatu upande wa kusini kabla ya mvua za Septemba, na mwenye ploti atawamwagilia kwa miaka miwili."

Ona kwamba kila sentensi inaweza kukaguliwa kwa macho au kwa kamba ya kupimia. Usiandike "mradi hautakuwa na athari yoyote". Hakuna ujenzi usio na athari, na mkaguzi akishaona sentensi hiyo huanza kushuku kurasa zingine zote.

Hatua ya sita: peleka maombi

Hili halina mengi. Jaza fomu ya kibali cha uendelezaji, ambatisha nakala ya hati au ushahidi wa umiliki, ramani ya mahali, michoro, na ule ukurasa. Ada hulipwa benki kwa namba ya malipo inayotolewa kwenye mfumo wa URA, mamlaka ya mapato. Usimpe mtu pesa mkononi, na tunza risiti. Mjulishe mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na majirani mapema, maana pingamizi lao likija siku ya ukaguzi linachelewesha kila kitu.

Siku ya ukaguzi uwepo mwenyewe, si fundi peke yake. Weka vijiti na kamba kuonyesha kona za nyumba na mduara wa kila mti. Kamati ikikataa, omba sababu kwa maandishi, usome vizuri, na ujue una haki ya kukata rufaa ngazi ya juu hadi Bodi ya Taifa ya Mipango. Mara nyingi, hata hivyo, kurekebisha mchoro ni haraka kuliko rufaa.

Hatua ya saba: masharti yaishi kwenye saiti

Kibali huja na masharti, na fundi hajawahi kuyaona. Yatafsiri kwa lugha anayoielewa, yabandike kwenye mabati ya stoo. Kabla ya lori la kwanza kufika, zungushia miti nguzo na seng'enge. Kata vichaka baada ya kukagua viota, na ukikuta ndege ametagia, subiri makinda yaruke. Ni wiki chache. Ukikuta nyoka mkubwa au mnyama aliyenaswa, ita UWA, vijana wasimuue.

Udongo wa juu, ule mweusi wa sentimita ishirini hivi, uukusanye peke yake na usiuchanganye na wa chini. Ndiyo benki ya mbegu na wadudu, nao utarudi juu ya bustani yako mwishoni. Kuwa mwangalifu na maramu (changarawe nyekundu) na udongo wa kununua: Parthenium, gugu la maua meupe madogo linalosambaa eneo la hifadhi ya Queen Elizabeth, husafiri kwenye lori na matairi. Kagua rundo wiki mbili baada ya kumwagwa, na ung'oe miche hiyo kabla haijatoa maua, ukivaa glavu maana huwasha ngozi.

Weka kizuizi cha magunia ya mchanga upande wa chini ili mvua isipeleke saruji na tope mtoni. Maji ya kuoshea mashine ya kuchanganyia zege yaingie shimoni.

Piga picha mahali pale pale ulipopiga za kwanza, kila mwezi, ukisimama kwenye jiwe lile lile la mpaka. Utakapoomba kibali cha kuhamia, mkaguzi atataka kuona kama mutuba bado upo na musizi wale watatu wameshika. Mpe bahasha ya picha, kisha mpeleke akaguse miti.